Pima Gauni Kwanza: Mwongozo wa Kuchagua Gari la Harusi

Tarehe 29 Julai 1981, Lady Diana Spencer, aliyekuwa akiolewa na Mwanamfalme Charles wa Uingereza, alipelekwa kanisani akiwa ndani ya kigari cha farasi chenye vioo pande zote. Kilikuwa kizuri kukitazama. Ndani yake walikaa watatu: yeye, baba yake aliyekuwa na mwili mkubwa, na gauni la hariri lenye mkia wa zaidi ya mita 7. Aliposhuka mlangoni pa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, ulimwengu mzima uliona kitambaa kimejikunja kila mahali. Wasaidizi waliinama kulinyoosha pale pale kwenye ngazi, kamera zikiwaka.

Siku ile ilikuwa ya Diana, lakini kosa lile hufanyika karibu kila Jumamosi. Watu huanza na jina la gari, wakaja kugundua siku yenyewe kwamba mlango ni mwembamba. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume.

Hatua ya 1: Kaa kwenye kiti ukiwa na gauni

Siku ya kujaribu gauni kwa fundi, usisimame tu mbele ya kioo. Omba kiti cha kawaida, kaa, na mtu mwingine awe na futi kamba. Anapima mambo matatu. La kwanza, upana wa sketi ulivyotandazika ukiwa umekaa. La pili, urefu kutoka kwenye kiti hadi ncha ya juu kabisa kichwani, nywele zikiwa zimetengenezwa au angalau zikikisiwa, pamoja na taji na shela. La tatu, umbali kutoka mgongoni hadi mbele ya magoti, kwa sababu sketi yenye tabaka nyingi inasukuma miguu mbele kuliko unavyodhani.

Gauni lenye waya wa duara ndani lina hulka yake: ukikaa vibaya, waya unainuka mbele na kukuziba uso. Mwombe fundi akufundishe kuunyanyua waya kwa nyuma kabla ya kukaa, na ulifanyie mazoezi nyumbani mara mbili tatu. Likiwa ni gauni la kubana hadi magotini, mkia wa samaki, tatizo lako si nafasi bali ni kimo cha siti. Siti ya chini sana itakulazimisha kujirusha, na kuinuka itakuwa kazi ya watu wawili.

Andika vipimo hivyo kwenye simu. Hivyo ndivyo utakavyokwenda navyo kwa mwenye gari.

Bwana harusi naye asijisahau. Mtu wa mita 1.9 ndani ya Fiat 500 ya zamani, gari lenye urefu usiofika mita 3 kutoka bampa hadi bampa, anachekesha kwenye picha moja na kuumia mgongo njia nzima.

Hatua ya 2: Tazama mlango na siti ya nyuma

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa hiyo na mimi nitakaa kidogo.

Magari ya milango miwili yana mvuto mkubwa, na mengi ndiyo hayo tunayoyapenda: Volkswagen Beetle, Fiat 500, magari mengi ya michezo, hata Rolls-Royce Spectre ya umeme iliyoanza kufika kwa wateja mwaka 2023. Kwenye Beetle, ili ufike nyuma ni lazima siti ya mbele ilazwe, kisha upite kwenye upenyo ambao hata mtu mwenye suruali anajikunja. Halafu vioo vya nyuma kwenye Beetle nyingi havifunguki. Ukiipenda Beetle, na sikulaumu, panga bi harusi akae mbele pembeni mwa dereva, siti isogezwe nyuma kabisa. Kuna jambo moja zuri la kujua: injini yake iko nyuma na inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuchemsha maji, na buti iko mbele. Usishangae dereva akifungua boneti kutoa mwavuli.

Milango minne ni nafuu, lakini si yote iko sawa. Angalia bawaba ziko upande gani. Rolls-Royce Phantom za tangu mwaka 2003 zina milango ya nyuma inayofunguka kuelekea nyuma. Unashuka ukitazama mbele, miguu inatangulia, unasimama na kuanza kutembea, bila kuzunguka ukingo wa mlango. Kwa mwenye gauni pana tofauti hiyo ni kubwa kuliko mbao na ngozi zote zilizomo ndani.

Kuna magari mawili ambayo watu huyapita bila kuyatazama, na mimi ningeyaweka juu ya orodha. Moja ni Daimler DS420, limuzini ya Kiingereza iliyoundwa kati ya 1968 na 1992: milango mipana, paa la juu, na nafasi ya miguu unayoweza kuweka sanduku. Jingine ni teksi nyeusi ya London, Austin FX4, iliyoanza mwaka 1958. Iliundwa ili abiria apande haraka na mizigo yake, kwa hiyo sakafu ya nyuma ni tambarare, siti ya kawaida iko nyuma kabisa, na mbele yake kuna viti vidogo vya kukunja. Gauni linapata chumba kizima. Ni teksi, ndiyo, lakini ikipakwa rangi vizuri na kufungwa utepe, hakuna anayekumbuka kazi yake ya jana.

Kombi ya Volkswagen inabeba bi harusi na wapambe wote kwa mpigo. Zile za kizazi cha pili, kuanzia 1967, zina mlango wa pembeni wa kutelezesha, rahisi kuliko ule wa kufungua nje wa zile za mwanzo. Ngazi yake iko juu kidogo. Kigoda kidogo imara kinamaliza shida hiyo, na ni hivyo hivyo kwa Land Rover na magari mengine marefu.

Sasa namna ya kupanda, maana hata gari kubwa linaweza kuharibu gauni kwa papara. Mpe gari mgongo. Msaidizi anashika mkia nyuma yako na kuuinua. Kaa kwanza, kisha ingiza miguu yote miwili kwa pamoja ukigeuka. Msaidizi anakukabidhi mkia, unaulaza mapajani au pembeni, kamwe usiusukumie sakafuni. Kabla ya yote hayo, shuka safi nyeupe itandikwe kwenye siti na kushuka hadi chini, ifunike na kizingiti cha mlango. Kitasa na bawaba za mlango hupakwa grisi, na grisi kwenye kitambaa cheupe haitoki kwa maji ya soda wala kwa machozi.

Hatua ya 3: Amua gari la kwenda na gari la kuondokea

Wengi huchagua gari moja na kulilazimisha lifanye kazi mbili zisizofanana. Kwenda, bi harusi ana nywele mpya, shela, na mkia mrefu. Anahitaji gari lililofungwa, lenye nafasi, lenye kiyoyozi kama kuna joto. Kuondoka, shela limeshatoka, mambo yameisha, na upepo si adui tena.

Tazama harusi mbili za familia ya kifalme ya Uingereza, ambazo karibu kila mtu amewahi kuona picha zake. Mwaka 2011 Catherine Middleton, aliyeolewa na Mwanamfalme William, alikwenda kanisani na baba yake ndani ya Rolls-Royce Phantom VI, gari la paa la juu na vioo vikubwa, na mkia wake wa mita 2.7 ulifika ukiwa umenyooka. Ile Aston Martin DB6 Volante ya wazi, yenye maputo na namba iliyosomeka JU5T WED (kwa Kiingereza, "wameoana sasa hivi"), ilitoka baadaye, ikiendeshwa na bwana harusi mwenyewe kwa safari fupi ya mwendo wa pole. Mwaka 2018 Meghan Markle alifika na mama yake kwa Rolls-Royce Phantom IV ya mwaka 1950. Jioni ndipo yeye na mumewe, Mwanamfalme Harry, walipoondoka kwa Jaguar E-Type ya 1968 iliyobadilishwa kuwa ya umeme, gari la chini, la watu wawili tu. Lakini hapo alikuwa amekwisha kubadili gauni. Lile la asubuhi, na shela lake la mita 5, lisingeingia.

Huna haja ya kasri kufanya hivyo. Gari la kwenda linaweza kuwa saluni ya kawaida ya rafiki, safi, yenye siti pana nyuma. Fedha na fahari ziende kwenye gari la kuondokea, ambalo mtakaa wawili na ambalo wageni wote wataliona. Likiwa la wazi, uliza paa linafungwa kwa muda gani na nani anayejua kulifunga. Paa za zamani za turubai zinahitaji mikono miwili na uzoefu, mvua haisubiri.

Hatua ya 4: Ukitaka gari la zamani, ujue tabia zake

Rolls-Royce Silver Cloud (1955 hadi 1966), Jaguar Mk 2 (1959 hadi 1967), Citroën 2CV yenye paa la kukunja kama mkeka: magari haya yana sura ambayo viwanda vya leo haviirudii. Yana pia miaka mingi mgongoni.

Tatizo lao kubwa siku ya harusi ni mwendo wa pole. Katika mengi ya zamani yanayopozwa kwa maji, feni ya rejeta inazungushwa na mkanda uliounganishwa na injini. Injini ikinguruma polepole, feni nayo inazunguka polepole, na wakati huo huo hakuna upepo unaoingia kwa mbele kwa sababu gari halikimbii. Msafara wa harusi ni hivyo hasa: taratibu, kusimama, taratibu tena. Mshale wa joto unapanda, kisha mvuke. Muulize mwenye gari kama ameongeza feni ya umeme. Kama hakuongeza, gari hilo litangulie msafara badala ya kukokotwa katikati yake, na likisimama kwa picha lizimwe.

Breki zake zinahitaji mguu mzito na umbali zaidi, kwa hiyo anayeliendesha awe ni mtu aliyelizoea. Shemeji anayejua kuendesha kila kitu akae siti ya abiria. Mengi hayana kiyoyozi, na baadhi hayana mikanda ya usalama. Uliza sheria ya barabara mnakopita inasemaje, hasa kama kuna watoto.

Yapo pia magari mapya yenye sura ya zamani. Beauford, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1985, inafanana na gari la miaka ya 1930: boneti refu, madigadi makubwa pembeni, spea tairi imening'inia ubavuni. Wapenzi wa magari kongwe wanaikunjia uso. Mimi naona ni hila nzuri, maana chini yake kuna injini ya kisasa kidogo na fundi yeyote anaielewa.

Hatua ya 5: Nenda ukalione lenyewe

Picha ulizotumiwa zinaweza kuwa za gari jingine la aina hiyo hiyo, au za gari hilo miaka minane iliyopita. Nenda mchana, si jioni chini ya taa. Chukua vile vipimo vyako na futi kamba. Kaa nyuma, funga mlango, fungua na ufunge vioo, washa kiyoyozi kwa dakika kumi uone kama kinapoza au kinapuliza vumbi. Nusa. Siti iliyowahi kuloa ina harufu isiyofichika, na gari lenye harufu ya petroli ndani litaihamishia kwenye gauni.

Kisha zunguka nje: tairi nne na ya tano, waipa, taa, alama za kutu chini ya milango. Omba liwashwe likiwa baridi, halafu lizimwe na kuwashwa tena likiwa limepata moto, kwa sababu baadhi ya magari ya kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, hugoma kuwaka yakiwa moto, na hiyo ndiyo hali litakayokuwa nayo nje ya ukumbi. Piga picha namba ya usajili. Namba hiyo iingie kwenye mkataba.

Hatua ya 6: Mkataba

Uwe wa maandishi, hata kama mwenye gari ni rafiki wa kaka yako. Usikose haya: gari lenyewe na namba yake, saa za kuanza na kumaliza, na kama zinahesabiwa gari likitoka gereji au likifika kwenu, kilomita, mafuta ni ya nani, dereva ni nani na kama amo ndani ya bei, malipo ya saa za ziada, bima, na kama inaruhusu gari kukodishwa, nani anapamba na nani analipa rangi ikichubuka.

Swali linalosahaulika ni hili: gari likiharibika asubuhi ile, italetwa nini? Jibu la "halitaharibika" si jibu. Taka jina la gari la akiba na muda wa kufika kwake. Harusi moja niliyosaidia kupanga, limuzini nyeupe tuliyolipia ilikuja ikiwa pikapu ya rangi ya kahawia, dereva akiwa anatabasamu. Mkataba ulisema "gari zuri". Nao walileta gari walilodhani ni zuri.

Hatua ya 7: Njia na saa

Pita njia hiyo wiki moja kabla, siku ile ile na saa ile ile. Kama umechagua limuzini ndefu, ile iliyokatwa katikati na kurefushwa, hesabu matuta. Tumbo lake liko mbali na magurudumu, na tuta ambalo saluni inalipanda bila kelele litaikwamisha katikati. Angalia pia geti na kona za ukumbini: kama haliwezi kugeuka, dereva aingie kinyumenyume mapema, watu wakiwa bado wachache.

Saa zipangwe kutoka mwisho kwenda mwanzo. Ikiwa shughuli inaanza saa nane, gari lifike saa nane kasoro dakika ishirini. Safari ni dakika thelathini, ongeza nusu yake kwa foleni. Kupanda na kuketi vizuri, dakika kumi. Picha nyumbani, ishirini. Hapo unaona gari linatakiwa kuwa mlangoni saa sita na dakika ishirini na tano mchana, wala si saa saba kama ulivyotaka kumwambia dereva.

Hatua ya 8: Mapambo

Utepe wa kitambaa wenye upana wa vidole vitatu hivi, uliovutwa kwa umbo la V kutoka ncha ya boneti hadi pande mbili za kioo cha mbele, unatosha gari lolote zuri. Kinachozidi hapo ni ladha yako.

Angalia tu unaufunga wapi. Sanamu ya mbele ya Rolls-Royce za kisasa huzama yenyewe ndani ya grili, na nyota iliyosimama kwenye boneti la Mercedes-Benz imeshikwa na springi na hulala ikisukumwa. Ukivuta utepe hapo kwa nguvu, utavunja kitu ghali. Fungia kwenye ukingo wa ndani wa boneti au kwenye grili, dereva akiwapo.

Maua ya kubandika kwa sumaku yanashika kwenye bodi ya chuma tu. Bodi ya Land Rover za zamani na ya Aston Martin DB6 ni ya alumini, na Beauford ina sehemu za faiba. Sumaku itadondoka hapo hapo. Tumia vikombe vya mpira vya kunyonya, na uso wa gari ukaushwe kwanza. Gundi ya karatasi usiiguse rangi ya zamani, inaweza kutoka nayo. Povu la kunyolea ndevu, ambalo marafiki hupenda kuandikia "Tumeoana", likikaa juani linaacha maandishi hayo kwenye rangi muda mrefu baada ya fungate. Waandike kwenye kioo cha nyuma, kwa rangi ya kuoshwa, na wamwachie dereva mahali pa kuonea.

Maua mabichi juu ya boneti yananyauka kwa joto la injini. Yaweke kwenye kifuniko cha nyuma, isipokuwa ni Beetle, ambayo injini iko huko huko. Na chochote ufanyacho, taa, namba za gari na grili ya kuingiza hewa vibaki wazi.

Hatua ya 9: Picha

Gari jeupe na gauni jeupe juani hupotezana. Mwambie mpiga picha mapema, atatafuta kivuli. Gari jeusi linalitoa gauni vizuri sana, ila linaonyesha kila punje ya vumbi na linamwakisi mpiga picha mwenyewe pamoja na ndoo za jirani. Rangi ya maziwa, fedha iliyofifia au kijani kibichi huwa hazina ugomvi na mtu.

Dereva aambiwe asimamishe gari ili mlango wa bi harusi uelekee kwenye mlango wa kuingilia. Ni jambo dogo, lakini akisimama upande usio wake, picha ya kushuka itakuwa picha ya paa.

Hatua ya 10: Siku yenyewe

Mtu mmoja, asiye bwana wala bi harusi, awe na namba ya dereva na dereva awe na yake. Kwenye buti kuwe na mwavuli mkubwa mweupe, shuka ya akiba, taulo ya kufutia gari vumbi, maji ya kunywa, pini, na viatu vya chini vya bi harusi. Dereva apewe chakula na aambiwe pa kukaa.

Usiku, kabla gari halijaondoka, mtu huyo huyo afungue milango yote na kupitisha mkono kwenye mwanya kati ya kiegemeo na kiti. Huko ndiko hereni huwa zinaangukia, na mara nyingine hata pete.